Mkurugenzi Anayekuja na Fomu

Tulimwacha Mhakiki ameshika kipanya cha kompyuta, mshale umekaa juu ya kitufe cha kufuta, na jina la shangazi yake linawaka njano mbele ya macho yake. Wiki nzima mmenisimamisha njiani mkiniuliza: kafuta, hajafuta? Haya, tulieni. Hakufuta.

Msimpe sifa mapema, lakini. Alitaka kufuta. Kilichomzuia ni harufu ya rangi ya viatu iliyotokea nyuma ya kiti chake. Katika ofisi nzima ya kodi kulikuwa na mtu mmoja tu anayepiga viatu rangi mara mbili kwa siku.

"Mkono unatetemeka," alisema Bwana Kanuni. "Umekula?"

"Nimekula, bosi."

"Basi ni nini?"

Kwa yule aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelipata likiwa limefungiwa sabuni, nieleze kidogo. Binti huyu ni mhakiki wa ofisi ya kodi, na kazi imekuwa ndiyo jina lake. Miezi sita ya majaribio inamwishia Ijumaa hii. Bwana Kanuni ndiye mkuu wa kitengo, mjane mwenye miwani na maneno machache.

Na Jumatatu waliwasha mtambo mpya. Zamani daftari la makampuni lilikaa jengo lake, la vitambulisho jengo lake, la walipa kodi jengo lake, na hakuna lililompa mwenzake hata salamu. Sasa mtambo unayaweka yote matatu bega kwa bega, unamuuliza kila mkurugenzi wa kampuni maswali yale yale. Jina ni hili? Ulizaliwa siku hii? Unaishi hapa? Simu ni yako? Majibu yakipishana, mstari unawaka nyekundu. Mtu mmoja akionekana kwenye makampuni mengi kupita kiasi, anawaka njano.

Shangazi aliwaka njano mara arobaini na tatu.

"Huyu ni shangazi yangu," alisema Mhakiki. Maneno yalimtoka kabla hajayapanga, na baada ya kutoka alijisikia mwepesi na mgonjwa kwa wakati mmoja.

Bwana Kanuni akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Shangazi wa damu au wa heshima?"

"Wa damu. Dada yake baba. Ndiye aliyenilea."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

"Fundi cherehani mwenye makampuni arobaini na tatu."

"Ana cherehani moja, bosi. Na hiyo moja mguu wake umefungwa kamba."

Bwana Kanuni hakucheka, ila kwa sababu fulani alikohoa. "Umefanya vizuri kusema," alisema. "Ondoka kwenye kiti. Kuanzia sasa faili hili ni langu, wewe utakaa pembeni na kuandika maelezo. Shangazi yako aitwe."

Hakukuwa na haja ya kumwita mtu. Kutoka upande wa kaunta ilisikika sauti ambayo Mhakiki aliijua tangu hajaota meno ya mbele.

"Wanangu, mimi nina haraka. Hospitali wanafunga saa kumi."

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nane na robo.

Shangazi aliingia amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, mkoba kwapani, kitambaa kichwani kimekaa sawasawa. Alimwangalia mpwa wake kuanzia juu mpaka chini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda tangu asubuhi. Hapa hawawapi nafasi ya kula?"

Halafu akamgeukia bosi. "Habari za kazi."

"Nzuri, Mama. Karibu ukae."

Hapo Mhakiki aliona kitu kidogo asikipe uzito. Shangazi humwangalia kila mtu usoni mpaka mtu ajikague kama amefunga vifungo vyote. Sasa alikuwa anaangalia kalenda ya ukutani. Bwana Kanuni naye aliangalia kalenda ile ile. Ilikuwa ya mwaka jana.

"Mama, kilichokuleta ni nini?" aliuliza bosi.

"Cheti cha uhakiki. Hospitali wamenichagua mimi kushona sare za wauguzi wote, miaka miwili. Wanasema nikilete cheti leo kabla ya saa kumi, la sivyo kazi inakwenda kwa aliyenifuata."

Mhakiki aliinua kichwa kwenye maelezo yake. Alijua habari ya sare, ila hakujua kwamba siku ndiyo leo. Na alijua kitu kingine ambacho Shangazi asingekitamka mbele ya watu: macho yake yameanza kumtupa. Mwaka mzima sasa, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Mhakiki humtilia uzi kwenye sindano ishirini na kuzipanga kwenye kipande cha sponji, ili siku ipite bila mteja kugundua. Kazi ya hospitali ingemwezesha kuajiri mafundi watano na kuyapumzisha macho. Bila hiyo, angeshona mwenyewe mpaka giza limkute kwenye kiti. Huo ndio uchungu uliokuwa umemkaa binti yetu kifuani, na pembeni hapo alipowekwa hakuwa na la kufanya zaidi ya kuandika.

"Cheti tutakiona," alisema Bwana Kanuni. "Kwanza nieleze. Wewe ni mkurugenzi wa kampuni ya kufyatua matofali?"

"Mimi?"

"Na ya kutotolesha vifaranga. Na ya kuchimba visima. Na ya majeneza."

"Ya majeneza nani ameniingiza?"

"Na shule ya udereva."

"Mwanangu," Shangazi alimwambia Mhakiki, "mweleze bosi wako kwamba hata baiskeli inaniogopa."

Bwana Kanuni aligeuza kompyuta ili naye aone. Makampuni arobaini na tatu, mkurugenzi wa pili mmoja. Tarehe ya kuzaliwa moja, simu moja. Na makao makuu ya kila kampuni, kuanzia ya visima mpaka ya vifaranga, yalikuwa mahali pamoja: Nyumba ya nyuma, ulizia kwa fundi cherehani.

"Vifaranga wangekaa kwangu ningewasikia," alisema Shangazi.

"Na saini hizi?"

Saini ya Shangazi ni kifungo. Duara, matundu manne, na mstari mfupi unaotoka pembeni kama mkia wa uzi. Alianza kusaini hivyo ujanani na hakuna benki iliyowahi kumshinda. Bosi aliziorodhesha kwenye kioo, vifungo arobaini na tatu, na mtu yeyote mwenye macho mazima angesema ni mkono wa mtu mmoja.

Shangazi hakuwa na macho mazima. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akakaa hapo kwa muda, halafu akaanza kutikisa mabega. Alikuwa anacheka.

"Hiki kina matundu mawili," alisema. "Hiki kina matatu. Na hiki, sijui cha nani, kina matano. Bosi, miaka thelathini nashona, kifungo cha matundu matano sijawahi kukishika. Aliyechora hiki hajawahi hata kuvaa shati."

Bwana Kanuni akasogeza kichwa chake karibu na cha Shangazi, akahesabu. Alihesabu mara mbili. Vifungo vyenye matundu manne yaliyopangika vilikuwa vichache, na hivyo navyo, isipokuwa kimoja, mkia wake ulielekea upande usio wake.

"Andika," alimwambia Mhakiki. "Saini zinatia shaka."

Mhakiki aliandika kwa furaha mpaka karatasi ikatoboka. Mmeona? Tumeshatoka. Shangazi hana kosa, cheti kitatoka, tunaweza kwenda nyumbani.

"Swali la mwisho tu, la kawaida," alisema bosi. "Katika maisha yako umewahi kuandikisha kampuni yoyote?"

Shangazi akafungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga.

"Moja," alisema.

Kalamu ikamponyoka Mhakiki ikaenda kuingia chini ya kabati. Aliishi nyumba moja na mwanamke huyu, walitumia kioo kimoja, na hakuwahi kusikia habari ya kampuni. Aliinama kuitafuta kalamu na akabaki kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Moja, Mama?"

"Moja. Hizo nyingine mkaziulize zenyewe."

Ushauri huo Bwana Kanuni aliuchukua kama ulivyo. Alichagua kampuni ya matofali, akapiga namba ya mkurugenzi wa kwanza, akaweka sauti ya nje. Upande wa pili palikuwa na kelele za mashine na mtu anayepayuka kuzishinda.

"Bwana Matofali?"

"Ndiye. Unataka za inchi tano au sita?"

"Nataka mkurugenzi wako wa pili. Unamfahamu?"

"Nani?"

"Mkurugenzi wa pili wa kampuni yako. Mwanamke, anaishi nyumba ya nyuma."

"Aaa, huyo." Kelele zikapungua. "Huyo si anakuja na fomu?"

Bwana Kanuni akaisogelea simu.

"Anakujaje na fomu?" aliuliza bosi.

"Ndugu yangu, si uende pale steshenari, pale wanapotoa kopi. Ukutani pamebandikwa fomu ya mfano, imejazwa tayari, wewe unanakili. Pale pa mkurugenzi wa kwanza pamefunikwa na karatasi nyeupe imeandikwa ANDIKA JINA LAKO HAPA. Nikaandika langu. Pa pili hapajafunikwa, pana jina la huyo mama. Nikajua huyo ni wa serikali, kila kampuni inapewa."

"Ukajua hivyo."

"Kila mtu anajua hivyo. Jirani yangu wa majeneza kamweka. Shemeji yangu wa vifaranga kamweka. Na saini yake nyepesi, unachora tu kifungo. Kwani amefariki?"

"Niko hapa," alisema Shangazi kwa sauti.

Bwana Matofali alishusha sauti. "Shikamoo, mkurugenzi," alisema, na simu ikakatika.

Sasa, msomaji wangu, cheka ukimaliza uniambie wewe mwenyewe ni fomu ngapi umenakili ukutani bila kuuliza. Steshenari ile ilikuwa na mteja wa kwanza kabisa wa kuandikisha kampuni, na mteja huyo alikuwa Shangazi. Mwenye duka alivyoona fomu imekubaliwa upesi, akaona ndiyo kipimo. Akatoa kopi, akafunika mstari mmoja, akaibandika ukutani na gundi. Daftari la makampuni lilipokea karatasi hizo moja baada ya nyingine, na halikumuuliza mwanamke huyo kama anajua. Mpaka mtambo ulipowashwa Jumatatu.

Hiyo karatasi nyeupe iliyofunika mstari wa kwanza, iweke akilini. Tutairudia.

Bwana Kanuni alikunja mikono ya shati, akaanza kazi. Kampuni moja baada ya nyingine aliiondolea jina la Shangazi, akaitia kwenye orodha ya wanaotakiwa kufika ofisini na maelezo. Alifanya upesi kuliko Mhakiki alivyowahi kumwona akifanya lolote. Ya visima ikatoka. Ya udereva ikatoka. Ya majeneza ilipotoka Shangazi alisema "afadhali" na kujipepea na mkoba.

Wakati bosi anageuza karatasi, kifungo cha mkono wa shati lake kilipinduka. Ndani yake palikuwa na uzi mmoja mwekundu.

Mhakiki alikodoa macho. Kila kifungo ambacho Shangazi anashona hukimalizia kwa uzi mmoja mwekundu upande wa ndani, usionekane na mtu ila mwenye nguo. Ndiyo alama yake, hakuna fundi mwingine anayeifanya. Kumbe bosi ni mteja. Tangu lini? Na mbona Shangazi, ambaye husimulia habari za kila mteja na kiuno chake, hajawahi kumtaja huyu?

Alimtazama Shangazi. Shangazi alikuwa amerudi kwenye kalenda.

"Arobaini na mbili zimetoka," alisema Bwana Kanuni. Ilikuwa saa tisa na nusu. "Imebaki yako mwenyewe. Inaitwa Uzi Mwekundu. Ni hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi ni jambo dogo. Mtambo unapeleka ujumbe kwa kila mkurugenzi kwenye simu yake, unamuuliza kama ni kweli ni mkurugenzi. Anajibu ndiyo au hapana. Wakisema ndiyo wote, cheti kinatoka hapo hapo. Mmoja akisema hapana, kampuni inafungiwa mpaka uchunguzi uishe."

"Uchunguzi unachukua muda gani?"

"Miezi mitatu."

Alibonyeza. Simu ya Shangazi ikalia ndani ya mkoba.

Na simu ya Mhakiki ikatetemeka mfukoni mwake.

Aliitoa akidhani ni matangazo. Halikuwa tangazo. Majina yake yalikuwa pale, yote matatu, na tarehe yake ya kuzaliwa, na namba ya kitambulisho chake. Chini yake: Je, wewe ni mkurugenzi wa kwanza wa kampuni ya Uzi Mwekundu? Kitufe cha ndiyo. Kitufe cha hapana.

Sasa unajua karatasi nyeupe ilikuwa inafunika nini.

"Shangazi," alisema, na sauti haikuwa yake. "Hii ni nini?"

"Nilitaka nikwambie siku ya harusi yako."

"Sina hata mchumba."

"Ndiyo maana nimechelewa." Shangazi alikuwa anazungusha pete ya kushonea kidoleni. "Mwanangu, mimi nina nini cha kukuachia? Nyumba ni ya kupanga. Nikasema nikuachie kampuni. Wewe wa kwanza, mimi wa pili. Siku mikono ikigoma, iwe yako bila kumwomba mtu."

"Lakini mimi sikusaini kitu."

"Ulisaini. Miaka miwili iliyopita, mezani, unakula. Nikakuletea karatasi, ukauliza wapi, nikakuonyesha. Hukunyanyua hata kichwa."

Juu ya vichwa vyao, kwenye fremu aliyoinunua Bwana Kanuni mwenyewe, kulikuwa na maandishi makubwa meusi: SOMA KABLA YA KUSAINI. Kila siku kwa miezi sita Mhakiki aliwaonyesha watu kibao hicho kwa kidole.

Lakini hicho hakikuwa kikubwa. Kikubwa ni kwamba siku aliyoanza kazi alijaza tamko la wafanyakazi, akaandika kwa mkono wake kwamba hana kampuni yoyote. Na kanuni ya kitengo, iliyotungwa na bosi huyu huyu, inajulikana hata na wafagizi: mfanyakazi akikutwa na kampuni ambayo hakuitaja, anaacha kitambulisho chake cha kazi mezani siku hiyo hiyo, awe mdogo, awe mkubwa, awe hajui. Neno "awe hajui" lilipigiwa mstari.

Akisema ndiyo, Shangazi anapata cheti, yeye unga umemwagika siku tatu kabla ya kuthibitishwa. Akisema hapana, Ijumaa anaajiriwa moja kwa moja, na sare za wauguzi zinakwenda kwa mtu mwingine.

Mhakiki alimweleza kanuni hiyo kwa maneno mawili, na Shangazi hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Aliwaangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akaelewa.

"Bonyeza hapana," alisema.

"Shangazi."

"Bonyeza hapana, nimesema. Nilishona kabla ya hospitali hiyo kujengwa. Nitashona tu. Kazi kama hii utaipata wapi?"

"Na sindano utatia uzi na nani?"

Shangazi alivuta mkoba kifuani. Hilo hakutaka lisemwe hapa, mbele ya mtu huyu, na uso wake ulionyesha hivyo. Bwana Kanuni aliinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Macho yanakusumbua?" aliuliza, na hakuongeza neno Mama.

"Yananitosha."

"Hukuniambia."

Mhakiki aliwaangalia. Hukuniambia? Tangu lini habari za macho ya Shangazi zinalipwa kwa bosi kama ushuru? Lakini hakuwa na nafasi ya kulifikiria. Saa ilikuwa inakaribia kumi kasoro robo, na kutoka hapo mpaka hospitali ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu ya haraka, na Shangazi alivaa viatu vya kutokea.

Akaona zile sindano ishirini kwenye sponji. Akaona mkono wa Shangazi ukipapasa kitundu ambacho hauoni, usiku wa mitihani yake yote, gauni moja baada ya jingine, ili ada ipatikane. Machozi yalimjaa na hakuona haya.

Alibonyeza ndiyo.

Halafu akavua kamba shingoni, akaweka kitambulisho chake juu ya meza ya Bwana Kanuni, picha ikiangalia juu.

"Kanuni ni kanuni, bosi," alisema.

Bwana Kanuni alikitazama kitambulisho kile muda mrefu. Mtu aliyetunga sheria kwa mkono wake huwa hana wa kumlaumu, na alionekana kulijua hilo kwa mara ya kwanza. Shangazi akafungua mkoba. Alitoa simu yake, akaishika mbali kama urefu wa mkono, akabonyeza ndiyo yake kwa nguvu kama anayeua mdudu.

"Toa cheti," alisema. "Kimelipiwa ghali."

Bosi akageukia kompyuta. Mhakiki alisubiri mashine ya kuchapa iungurume kule pembeni. Haikuunguruma.

Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja mpya, unawaka njano.

Wakurugenzi waliothibitisha: wawili kati ya watatu. Aliyeongezwa baadaye anatumiwa ujumbe sasa.

"Watatu?" alisema Mhakiki. "Shangazi, wa tatu ni nani?"

Shangazi, mwanamke aliyevicheka vifungo vya uongo na kumjibu mwenye matofali, alianza kukunjua na kukunja kitambaa chake cha mkononi. "Huyo nilimwongeza mwezi uliopita," alisema. "Fomu iliuliza kama kuna mtu mwingine ninayemwamini kwenye mambo yangu. Nikafikiri. Nikaona yupo."

"Nani?"

Juu ya meza, kando ya kitambulisho cha Mhakiki, simu ya Bwana Kanuni ikatetemeka.

Ilitetemeka mara mbili, ikajisogeza yenyewe mpaka ikagusa kikombe cha kalamu. Hakuna aliyeisogelea. Bosi alivaa miwani, akaichukua, akasoma. Majina yake yalikuwa pale, yote matatu. Alisoma tena, safari hii mdomo unafuata maneno.

"Ile karatasi," alisema polepole. "Nilipokuja kuchukua suruali. Ulisema ni ya kuchukulia nguo."

"Sikusema hivyo. Uliuliza usaini wapi. Hukuuliza unasaini nini."

"Namba ya kitambulisho?"

"Kopi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Unaacha vitu mifukoni, nimeshakwambia."

Bwana Kanuni aliinua macho kwenye fremu aliyoitundika mwenyewe, akasoma maneno yote manne, na akayateremsha. Mhakiki hakuthubutu kupumua. Mbele yake alisimama mtu wa miaka ishirini kazini, ambaye hajawahi kuchelewa hata dakika moja, na ambaye tamko lake lilisema kama la kwake: sina kampuni yoyote.

Awe mdogo, awe mkubwa, awe hajui.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Bosi akainamisha kichwa, akavua kamba shingoni mwake, akakiweka kitambulisho chake mezani kando ya kile cha Mhakiki. Alikinyoosha kikae sambamba, kama alivyozoea kunyoosha mafaili. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo unaniamini," alimwambia Shangazi.

"Mtambo umekuuliza wewe," Shangazi alijibu. "Jibu ulichoulizwa. Watu wa hospitali wanafunga."

Kwenye simu kulikuwa na vitufe viwili tu. Kidole cha Bwana Kanuni kilianza kushuka, na Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu aingie ofisini mle, aliacha kuangalia kalenda.